Gesi Ilikwenda Wapi?

Najua wengi wenu mtacheka mkiona karani wa misheni anaandika habari za mashine ya kutia baridi ndani ya motokaa. Mtasema, "Sisi huku tuna baiskeli na jembe, na mwenye kuona joto hukaa chini ya mti. Kiyoyozi chatuhusu nini?" Hata mimi nalisema hivyo hivyo zamani. Walakini mashine hiyo ilinifanya nimwonee mtu mwenye umri wa baba yangu, na jambo hilo limenikaa moyoni karibu mwaka mzima. Sasa nataka kulieleza kama lilivyokuwa, pamoja na yale niliyojifunza juu ya mashine yenyewe, maana wapo kati yenu wenye vijana madereva, na wengine siku hizi wana motokaa zao za abiria au za kubebea alizeti, nao huenda mjini kwa fundi wakarudi na mifuko mitupu.

Kwanza nijieleze. Nilisoma chuo cha ualimu nikapata cheti changu, lakini kufundisha nalifundisha miaka 4 tu, kisha nikaitwa kushika vitabu vya parokia. Kwa hiyo watu huniita Mwalimu mpaka leo, ingawa chaki sijaigusa siku nyingi. Kazi yangu ni kuandika: ubatizo, ndoa, mazishi, zaka, mafuta ya dizeli, misumari, sabuni. Hakuna shilingi inayotoka nisiiandike, nami nalijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Parokia yetu iko mkoa wa Dodoma, upande wa vumbi. Aliyepita huku mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hana haja ya kuelezwa. Kutoka kwetu mpaka kuifikia lami ni mwendo wa zaidi ya saa moja katika udongo mwekundu, na lori likitangulia mbele yako huoni hata pua ya motokaa yako mwenyewe. Padre wetu ni mzee, tena ana pumu. Madirisha yakiwa wazi, vumbi humbana kifua. Yakifungwa pasipo baridi, mle ndani huwa kama tanuri la matofali. Tena motokaa hiyo hiyo ndiyo inayochukua wagonjwa wa vijiji vyote vya huku na akina mama walioshikwa na uchungu usiku. Basi, kwetu kiyoyozi si anasa ya wakubwa.

Mwezi wa Septemba mwaka jana baridi ilikatika. Feni ilipuliza kama kawaida, lakini hewa iliyotoka ilikuwa ya moto. Dereva wetu, mzee aliyeshika usukani wa misheni miaka 22, aliipeleka motokaa gereji mjini. Fundi akasema gesi imekwisha, akajaza nyingine, nasi tukalipa Sh. 80,000/-. Jioni alirudi, hewa baridi kabisa, na Padre akafurahi. Siku ya tatu dereva akaja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "ile baridi asubuhi inashika, mchana inaacha."

Nalikuwa najumlisha hesabu za mwezi, wala sikuinua macho. "Gesi imetiwa juzi, Mzee. Irudishe kwa fundi."

Akairudisha. Safari hii fundi yule wa mjini akasema ati kompresa yenyewe imekufa, yafaa tununue nyingine. Akaandika katika kikaratasi: kompresa iliyokwisha tumika, gesi, na kazi, jumla Sh. 950,000/-.

Nilipokiona kikaratasi kile, damu ilinipanda. Nikafunua daftari nikatazama ile elfu 80. Gesi ya elfu 80 imekwenda wapi kwa siku tatu? Nalikuwa nimesikia hadithi nyingi za madereva wanaopatana na mafundi: gesi haijazwi, stakabadhi inaandikwa, fedha wanagawana. Sikuwa na ushahidi wo wote. Nalikuwa na daftari tu, na kiburi cha daftari. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: "Gesi ya kiyoyozi, Sh. 80,000/-. Haikuonekana. Dereva aulizwe." Kisha nikamwita mbele ya mweka hazina na wazee wawili wa halmashauri, nikamwuliza swali lile lile kwa sauti ya mwalimu anayemwuliza mtoto aliyeiba chaki.

Yule mzee alinitazama kwa muda. Akasema, "Asubuhi inashika, mchana inaacha. Hii ni mara ya tatu nakwambia." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya daftari langu, akaenda zake.

Toka siku ile, tukikutana njiani nikimwamkia "Shikamoo, Mzee," aliitikia "Marahaba" kama alivyolelewa, lakini hakugeuza uso. Motokaa ikawa inaendeshwa na katekista mmoja aliyejifunza udereva jeshini. Na katikati ya Oktoba, Padre alipokwenda kuwatembelea wagonjwa wa kigango cha mbali, madirisha wazi kwa sababu ya joto, pumu ilimshika njiani. Alilazwa hospitali siku 4. Nalikwenda kumtazama, nikamkuta ana bomba puani, naye akaniuliza neno moja tu: "Dereva amerudi?" Sikuwa na jibu.

Basi, Novemba pampu ya kisima chetu iliharibika, akaja kijana mmoja fundi, aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA. Umri wake sidhani kama ulizidi miaka 25. Aliitengeneza pampu, na wakati wa chakula nikawa nalalamika juu ya kompresa ya laki tisa na nusu. Akaniuliza, "Mwalimu, ukiwasha kiyoyozi, inalia *tak*?"

Nikasema sijui, mimi si dereva.

"Na dereva alisema nini?"

Nikamjibu kwa kusitasita, "Alisema asubuhi inashika, mchana inaacha."

Kijana akaweka kijiko chini. "Alisema hivyo? Basi nusu ya kazi amekwisha ifanya yeye." Wala hakumaliza ugali wake.

Hapa yanipasa nieleze mashine yenyewe jinsi alivyonieleza, maana bila hiyo hamtafahamu lililofuata. Ninyi nyote mwajua mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, hukauka kwa upepo, na yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo maana yaliyobaki ndani huwa baridi. Kadhalika pamba yenye spiriti ambayo mwuguzi hukupaka kabla ya sindano: ngozi huona baridi kwa kuwa spiriti inakauka upesi. Kitu cha majimaji kikigeuka kuwa mvuke huchukua joto. Kiyoyozi hufanya hivyo hivyo, ila badala ya maji hutumia gesi ambayo huchemka hata kwenye baridi kali. Ile iitwayo R134a, iliyo katika motokaa nyingi za kwetu, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri.

Kompresa huikamua gesi hiyo, nayo ikikamuliwa hupata moto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza gurudumu. Gesi ile ya moto hupita katika wavu wa mabomba ulio mbele ya rejeta, upepo huipoza, ikawa majimaji. Halafu majimaji hayo hupenyezwa katika tundu jembamba sana na kufunguliwa ghafula ndani ya kirejeta kidogo kilicho nyuma ya dashibodi. Humo huchemka, huchukua joto la hewa ya ndani, na feni hutupulizia hewa iliyopoa. Kisha gesi hurudi kwa kompresa, na safari huanza tena. Maji yanayodondoka chini ya motokaa ni unyevu wa hewa uliogandamana na kile kirejeta baridi. Katekista wetu alidhani ndiyo gesi inayovuja, akaweka ndoo.

Sasa kompresa huzungushwa na injini kwa mkanda. Mbele yake pana puli, nayo puli huzunguka daima maadamu injini inaunguruma, hata kama kiyoyozi kimezimwa. Kitu kinachoamua kama kompresa ifanye kazi au ipumzike ni klachi yake: bamba la chuma la mviringo, limesimama mbele ya puli bila kuigusa, pana mwanya mdogo kati yao. Nyuma ya puli kuna koili ya waya. Umeme ukiingia katika koili, huwa sumaku, hulivuta bamba likaing'ata puli, *tak*, nalo bamba huuzungusha mhimili wa kompresa. Umeme ukikatika, bamba huachia. Ndiyo yote. Nalishangaa kusikia kwamba motokaa za kwanza kuuzwa na baridi ya kiwandani, zile za Packard za Marekani za mwaka 1940, hazikuwa na klachi hiyo. Aliyetaka kuisimamisha kompresa yake ilimlazimu azime injini, afungue boneti, auvue mkanda kwa mikono. Nawaza tajiri wa New York, nguo zake safi, anavua mkanda kando ya barabara kwa sababu kipupwe kimefika.

Tulikwenda kwenye motokaa. Ilikuwa imesimama kivulini tangu jana yake. Kijana akafungua boneti, akaniambia nivue tai yangu kwanza. Nikaudhika kidogo, lakini akanionyesha mkanda na feni, akasema vitu hivi havijui nani ni Mwalimu. Nikaivua. Akawasha injini, akawasha kiyoyozi, na mara nikasikia *tak*. Bamba likazunguka, na baada ya dakika chache hewa ikatoka baridi.

"Mbona inafanya kazi!" nikasema.

"Hii ndiyo asubuhi yake," akajibu. "Sasa tungoje mchana."

Tukaitoa kivulini, tukaiacha juani inaunguruma. Kijana hakukaa bure. Alifungua sanduku la fyuzi akanionyesha fyuzi ya kiyoyozi, nzima. Akanionyesha na rilei, kijisanduku kidogo kinachopitisha umeme mwingi kwa amri ya umeme mdogo. Alisema mara nyingi rilei ya honi hufanana nayo kabisa. Mtu akishuku rilei ya kiyoyozi aweza kuzibadilishana, lakini kwanza ahakikishe maandishi na miguu yake ni sawa sawa. Kama honi ikikataa kulia na kiyoyozi kikashika, mwizi amepatikana, tena bei ya rilei haifiki hata gharama ya nauli ya kwenda mjini.

Zilipita kama dakika 40. Hewa ikaanza kuwa vuguvugu, kisha moto. Tukatazama: puli inazunguka, bamba limesimama tuli.

Akachukua taa ya kupimia, kijitaa chenye ncha kama sindano na waya wa kufunga kwenye chuma. Akaigusisha pale waya unapoingia kwenye kompresa. Taa ikawaka, nyeupe kabisa.

"Umeona, Mwalimu? Umeme unafika."

"Nimeona. Maana yake nini?"

Akaeleza polepole, kana kwamba mwalimu ni yeye. Katika njia ya umeme ule pana mlinzi, swichi ya mgandamizo, iliyokaa juu ya bomba la gesi. Gesi ikipungua sana, mgandamizo ukashuka mpaka karibu bar 2, swichi hukata umeme, na klachi haishiki. Imewekwa hivyo kwa sababu mafuta yanayoilainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikitoweka, kompresa hukauka na kujisaga yenyewe. Mgandamizo ukizidi mno, zaidi ya bar 30, hukata vile vile, mabomba yasije yakapasuka. Ndiyo maana hata kujaza gesi kupita kiasi ni hasara. Wapo mafundi, akasema, ambao wakiona klachi haishiki huunganisha waya kwa waya kuiruka swichi hiyo, wakamwachia mwenye motokaa aende zake. Baridi huja siku chache, halafu kompresa hufa kweli.

"Basi kama taa inawaka," nikasema, na maneno yalianza kunikwama kooni, "swichi imeridhika."

"Imeridhika."

"Na kama swichi imeridhika, gesi imo."

"Imo. Gesi yenu haijaenda po pote."

Kijana hakuwa na habari ya lile daftari langu, wala ya ufunguo. Aliniona nimenyamaza, akadhani sijafahamu, akataka kunieleza tena. Nikamwambia nimefahamu.

Kisha akachukua nyundo, akaigeuza, akalisukuma lile bamba kidogo kwa mpini wa mti, kwa uangalifu, mkono ukiwa mbali na mkanda. *Tak!* Likashika, likazunguka. Wala msijaribu hili kama hamjazoea, maana mpini waweza kurushwa na mkono ukavutwa. Lakini lilimaliza mashaka. Umeme upo, gesi ipo, kompresa inazunguka bila kelele. Ila sumaku haina nguvu ya kulivuta bamba kutoka mahali lilipo.

Injini ikazimwa, ufunguo ukatolewa, waya wa betri ukafunguliwa. Tulingoja vyuma vipoe. Alipima koili kwa mita akapata ohm 4, ikiwa imepoa. Hapo nami nilipata la kusema, maana fizikia ya chuo sijaisahau yote. Betri ya volti 12 katika ohm 4 hutoa ampea 3. Lakini waya wa shaba ukipata moto hukataa umeme zaidi, karibu sehemu 4 katika 1,000 kwa kila nyuzi moja ya joto. Joto likipanda nyuzi 60, ile ohm 4 huwa karibu 5, na ampea 3 hushuka kuwa 2 na nusu hivi. Sumaku hudhoofika. Asubuhi sumaku ina nguvu ya kuuvuka mwanya, mchana haina. Nikaandika hesabu hiyo ubaoni kwa kidole, yaani katika vumbi la boneti, na kijana akacheka akasema chuoni kwao walifundishwa hivyo hivyo.

Tatizo lilikuwa mwanya. Bamba na puli husuguana kidogo kila zinaposhikana, na kwa miaka mingi chuma hulika, mwanya ukapanuka. Yapaswa uwe kama nusu milimita. Kila kompresa ina kipimo chake katika kitabu cha motokaa. Kijana alikuwa amesahau nyumbani vile vijani vya chuma vya kupimia. Nikakumbuka kwamba karatasi moja ya kawaida ina unene wa karibu sehemu ya 10 ya milimita, nikaenda ofisini nikaleta karatasi tupu za daftari la zamani. Tulitia karatasi 5, zikalegea. Tukatia 8. Zilipofika 10 ndipo zikabana. Milimita nzima, mara mbili ya inavyotakiwa!

Kutengeneza hakukuchukua hata saa moja. Katikati ya bamba pana bolti moja. Akalishika bamba lisizunguke, akaifungua, akalitoa bamba taratibu. Nyuma yake, juu ya mhimili, palikuwa na washa 3 nyembamba. Ndizo zinazoliweka bamba mbali na puli. Akatoa moja, akasafisha kutu, akarudisha vyote, akakaza. Akapima kwa karatasi mahali patatu kuuzunguka mviringo, kwa sababu mwanya ukiwa sawa upande mmoja na kuzidi upande mwingine kazi ni bure. Karatasi 5 zilibana kila mahali. Alinionya kwamba dawa hii si ya milele. Bamba likilika zaidi itabidi kununua klachi mpya, lakini klachi ni klachi, si kompresa nzima; na mwanya ukiwa mdogo kupita kiasi nao ni mbaya, bamba litasugua puli hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, mpaka liungue.

Nikamwuliza kama yule fundi wa mjini alikuwa mwizi. Akakataa kusema. "Pengine gesi ilikuwa imepungua kweli mara ya kwanza," alisema, "na alipoijaza motokaa ilikuwa imepoa, ikashika, akadhani kazi imekwisha. Mara ya pili hakuwa na subira ya kungoja ipate moto." Jambo lililomkasirisha lilikuwa jingine: mafundi wanaofungua mabomba na kuiachia gesi hewani ili wajaze mpya. Ile gesi ya zamani, R12, ilikuwa inaharibu utando wa ozoni juu ya dunia, ndiyo sababu mataifa yalipatana Montreal mwaka 1987 kuikomesha. Hii ya R134a haina kosa hilo, ila kilo moja yake huiongezea dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ya mkaa, na mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa hapa kwa majirani zetu, Kigali, yakapatana kuzipunguza gesi za jamii yake. Motokaa nyingi mpya zina gesi nyingine tena, wala haifai kuzichanganya. Yule kijana aliniambia haya yote akiwa anafunga vifaa vyake. Alitaka Sh. 20,000/-. Nikampa, nikaandika.

Tuliiacha motokaa juani inaunguruma mpaka saa tisa. Baridi haikukatika.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa dereva. Nalimkuta anatengeneza banda la kuku. Mama wa nyumba akaniletea kigoda, akaingia ndani asitoke tena. Nikajua habari yangu imezungumzwa sana humo. Nikamwamkia mzee, akaitikia. Nikamweleza yote: taa ya kupimia, swichi, mwanya, karatasi 10. Sikujitetea, ingawa njiani nalikuwa nimeandaa maneno mengi ya kujitetea. Nikasema, "Mzee, uliniambia mara tatu nami sikusikia. Nimekukosea."

Alikaa kimya akipigilia msumari. Halafu akauliza, "Washa zilikuwa ngapi?"

"Tatu. Ametoa moja."

"Zimebaki mbili. Basi itafanyizwa tena mara moja au mbili." Akapigilia msumari mwingine. "Na daftari?"

Sikufahamu mara moja.

"Uliandika jina langu katika daftari," akasema. "Sitakuwapo siku zote. Wajukuu wangu wanajua kusoma."

Katika vitabu vya hesabu hatufuti maandishi, wala hatuchani ukurasa. Hiyo ndiyo sheria niliyoikuta na ndiyo nitakayoiacha. Nikamwambia hivyo. Akasema anaijua sheria, ameisikia miaka 22, lakini kesho atakuja.

Akaja asubuhi, kofia mkononi. Nalikuwa nimewaita mweka hazina na wale wazee wawili, wale wale. Nikafunua ukurasa, nikaandika kwa wino mwekundu chini ya maneno yangu: "Maandishi ya hapo juu juu ya dereva ni ya makosa. Gesi ilikuwamo. Kosa lilikuwa klachi, nalo dereva alilitambua mapema akalisema." Nikatia tarehe, nikaandika "Karani", nikawasomea wote kwa sauti.

Mzee akanyosha kidole akakiweka juu ya neno lile la mwisho. "Mimi uliniandika dereva, na dereva hapa ni mmoja. Lakini makarani watakuja wengi. Weka jina lako."

Nikaandika jina langu lote, la ubatizo na la baba. Alilisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akauchukua ufunguo, akatoka nje, nasi tukasikia boneti ikifunguliwa.